Daftari la Mashine Ijaribuyo: Jinsi Tulivyounganisha Cypress na Ubao Wetu Wenyewe

Na Mwalimu Mlezi wa Chama cha Kompyuta

Katika toleo la muhula uliopita mhariri alinipa nafasi nieleze kazi za Chama cha Kompyuta, nami nikaandika kwa ufupi mno kwamba "twajifunza kujaribu kurasa za intaneti". Wazazi wawili wameniuliza maana yake. Na mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Kwanza aliniuliza kama kujaribu huko ni mtihani, na kama ni mtihani, ni nani asahihishaye na alama huandikwa wapi. Swali la mtoto huyo ni zuri kuliko maelezo yangu. Leo nataka kulijibu, na ili nilijibu sawasawa sina budi kuanza na kosa langu mwenyewe.

Mwaka jana wanachama walitengeneza ukurasa mdogo wa intaneti wa kuwaonyesha wazazi alama za Kidato cha Pili, darasa la wanafunzi 60. Mzazi huandika namba ya mtoto wake, kuanzia 0001 hata 0060, hubonyeza kitufe cha "Tazama", na alama za kila somo hutokea. Majina hatukuyaweka, maana alama za mtoto si tangazo la mnada. Kabla ya kuufungua ukurasa huo niliukagua kwa mkono. Niliandika 0001, nikalinganisha na daftari langu la alama. Kisha 0002, kisha 0003, hata 0005. Zote zilikuwa sawa. Nikaridhika, nikasema ufunguliwe.

Siku ya tatu, asubuhi na mapema, alikuja baba mmoja, koti lake limelowa umande, na binti yake nyuma yake. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia, akakaa, akaitoa simu mfukoni.

"Mwalimu," akasema, "nimekuja kuaga. Mtoto huyu hatarudi muhula ujao. Nimekwisha zungumza na ndugu yangu wa Arusha, ana mahali pa kazi za nyumbani."

Nikaitazama simu. Chini ya namba 0041 ilionyesha Hesabu 14, na masomo mengine yakifuatana vivyo hivyo. Binti hakusema neno mpaka nilipomwuliza. Ndipo aliponiambia kwamba karatasi yake ya Hesabu aliyorudishiwa darasani ilikuwa na alama 71, na kwamba alimwambia baba yake hivyo nyumbani.

"Alisema," baba akakubali. "Lakini mashine haina jamaa wala adui. Kwa nini inidanganye mimi?"

Nikafungua daftari langu. Namba 0041, Hesabu, 71. Alama 14 ilikuwa ya namba 0051. Nikamwonyesha mzee mstari huo kwa kidole, naye akausoma mara mbili. Kisha akamtazama binti yake kwa muda mrefu, wala hakusema kitu mbele yangu. Binti huyo yuko Kidato cha Tatu sasa. Lakini mimi sikulala vizuri usiku ule, kwa kuwa nilijua kwamba mzee amekuja kuaga kwa sababu ya adabu yake tu. Mwingine angempandisha mtoto basi bila kuja kuniona.

Sasa tutazame kosa lenyewe, maana ni somo zuri la Hesabu. Wanachama waliandika orodha ya alama katika lugha ya JavaScript, na namba za wanafunzi waliziandika kama zilivyo: 0041, 0042, na kadhalika. Lakini lugha hiyo imerithi desturi ya kale kwamba namba ianzayo na sifuri huhesabiwa kwa nane nane badala ya kumi kumi. Basi 0041 katika orodha ni nane mara nne, yaani 32, na moja juu yake: 33. Na 0051 ni nane mara tano, yaani 40, na moja juu yake: 41. Mzazi naye anapoandika 0041 katika kisanduku, maandishi yake husomwa kwa kumi kumi, nayo huwa 41 ya kawaida. Programu ikaenda orodhani kutafuta 41, ikamkuta 0051 amekaa kwenye kiti hicho.

Na namba zenye 8 au 9 je? Hizo haziwezi kuhesabiwa kwa nane nane, kwa kuwa tarakimu hizo hazimo humo. Kwa hiyo lugha huziacha zilivyo. Basi 0018 alikaa kwenye kiti cha 18. Lakini 0022 kwa nane nane ni 18 pia, naye aliandikwa baadaye, akamfuta mwenzake. Nikakaa na kalamu nikahesabu darasa zima. Kati ya namba 60, ni 10 tu zilizoonyesha alama za haki: 0001 mpaka 0007, pamoja na 0049, 0058 na 0059. Namba 9 hazikuonyesha kitu, yaani 0050 mpaka 0057, na 0060. Na namba 41, kuanzia 0008 hata 0048, zote zilionyesha alama za mtu mwingine. Mimi nilikagua tano za mwanzo, nazo zilikuwa miongoni mwa zile chache zilizo salama! Msomaji afanye hesabu hii mwenyewe, haihitaji kompyuta.

Dawa ya kosa ilikuwa dakika tano, yaani kuziweka namba zote ndani ya alama za nukuu ili zihesabiwe kuwa maandishi na si tarakimu. Tena tuliandika maneno "use strict" mwanzoni mwa faili, ambayo huifanya lugha iwe kali na kuzikataa kabisa namba za namna hiyo. Lakini jambo kubwa halikuwa dawa. Jambo kubwa lilikuwa kwamba kila tunapogusa ukurasa ule, hata kwa kubadili rangi tu, yapasa namba zote 60 zijaribiwe upya. Kwa mkono kazi hiyo ni ya saa nzima, na hakuna mtu awezaye kuifanya kila siku bila kuanza kuruka namba.

Ndipo tulipogeukia mashine ijaribuyo. Kuna programu ziwezazo kukifungua kivinjari, yaani programu ya kusomea kurasa za intaneti kama Chrome au Firefox, na kukitumia kama mtu akitumiavyo: huandika katika visanduku, hubonyeza vitufe, husoma kinachotokea, na kusema kama ndicho kilichotarajiwa. Ya zamani iliyo mashuhuri ni Selenium, iliyoanza mwaka 2004 mjini Chicago katika kampuni ya ThoughtWorks, kwa mkono wa Jason Huggins. Jina lake ni utani wa wakemia. Mshindani wake alikuwa kampuni yenye jina la Mercury, yaani zebaki, nayo selenia husemwa kuwa ni dawa ya sumu ya zebaki. Baadaye ikaja Cypress, iliyofunguliwa kwa watu wote mwaka 2017, na mwaka 2020 Microsoft wakaitoa Playwright. Sisi tulichukua Cypress kwa sababu moja isiyo ya kitaalamu: mmoja wa wanachama wetu alikuwa amejifunza kidogo kwa kaka yake.

Maandishi ya jaribio ni mafupi. Humwambia Cypress: fungua ukurasa, andika namba hii, bonyeza "Tazama", katika mstari wa Hesabu pawe na 71. Kisha hurudia kwa kila namba. Hapa pana mtego ambao nawaomba wanafunzi wauangalie. Alama za kulinganishia tusizichukue katika orodha ile ile iliyo ndani ya ukurasa, kwa kuwa orodha ikilinganishwa na nafsi yake husema kweli daima. Sisi tuliwapa wanafunzi wawili daftari la karatasi, kila mmoja akaandika faili lake peke yake bila kumtazama mwenzake, kisha tukalinganisha mafaili hayo mawili. Yalitofautiana mahali pane, na pote pane aliyekosea alikuwa mtu, si mashine.

Majaribio 60 yalimalizika kwa dakika chache. Nikaenda kwa Mkuu wa Shule kwa furaha, nikamwomba ukurasa ufunguliwe tena. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: "Na mimi nitajuaje kwamba mmejaribu? Nikija asubuhi, nani atanionyesha?" Nikamwambia kwamba matokeo hutokea kwenye kioo cheusi katika chumba cha kompyuta. Akacheka. Akasema ukurasa utabaki umefungwa mpaka siku atakapoweza kuyaona matokeo ya kila asubuhi kwenye kompyuta ya ofisini kwake, bila kuniita mimi wala mwanafunzi.

Basi tukajifunza kwamba mtahini ni kitu kimoja na daftari la matokeo ni kitu kingine. Cypress ajaribu, lakini matokeo yake yakiisha pita kwenye kioo hupotea. Daftari la kuyaweka huitwa dashibodi. Mimi napenda kuliita ubao, kwa kuwa kazi yake ni ile ya ubao wa matangazo: jaribio gani limepita, lipi limeanguka, picha ya kioo ilivyokuwa wakati wa kuanguka, na matokeo ya siku zilizopita kwa kulinganisha.

Wenye Cypress wanao ubao wao, uitwao Cypress Cloud. Programu yenyewe ya kujaribu ni bure, na ubao ndio wanaouuza. Una mpango wa bure, lakini wenye kikomo cha matokeo kwa mwezi. Majaribio 60 kila siku hukila kikomo upesi. Hata hivyo si bei peke yake iliyotuzuia. Intaneti yetu ni ya bando la simu, na kupeleka picha ng'ambo kila siku ili Mkuu wa Shule azitazame umbali wa hatua arobaini ni sawa na kutuma barua Mbulu mjini ili irudi kwa jirani. Na sababu ya tatu ndiyo nzito kuliko zote: picha hizo zina alama za watoto. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nami sioni vema kuzipeleka taarifa za wanafunzi nje ya nchi kwa jambo liwezalo kumalizika ndani ya uzio wa shule.

Tukatafuta ubao mwingine. Tukaukuta uitwao Sorry Cypress, yaani "Samahani, Cypress", nao ni wa bure, na maandishi yake yote yako wazi. Ufundi wake ni kama hivi. Cypress anapoambiwa aandikishe matokeo, hupiga hodi kwenye anwani ya seva ya wenyewe, na kusema: "Nimeanza kazi, mafaili yangu ya majaribio ni haya, nianze na lipi?" Seva hujibu, naye hufanya, hurudi na matokeo, na kuuliza tena. Sorry Cypress ni seva iliyojifunza kujibu maswali hayo hayo. Kwa hiyo kuunganisha si kazi ya kubadili majaribio. Ni kazi ya kubadili anwani ya kupigia hodi.

Tuliiweka kwenye kompyuta moja kuukuu kwa kutumia Docker, ambayo hubeba programu kadhaa kama masanduku yaliyokwisha kufungashwa. Ndani yake mna mwelekezaji, ambaye hupokea hodi kwenye mlango namba 1234 na kugawa kazi. Mna hifadhi ya MongoDB ya kuweka matokeo. Mna MinIO ya kuweka picha. Na ubao wenyewe, ambao mtu huusoma kwa kivinjari kwenye mlango namba 8080. Upande wa Cypress tuliongeza kifurushi kiitwacho cypress-cloud, na katika faili lake dogo la mipangilio tukaandika anwani ya kompyuta yetu pamoja na namba 1234. Yote yalipita katika waya wa shule. Bando halikuguswa.

Mwelekezaji ana faida nyingine. Ukiwa na kompyuta mbili zijaribuzo, humpa kila mmoja faili jipya anapomaliza la kwanza, kama vile mwalimu mkuu wa mtihani awagawiavyo wasahihishaji mafungu ya karatasi, ili mwepesi asikae bure wakati mzito bado anahangaika. Sharti ni kwamba kompyuta zote mbili zitaje jina moja la kazi, ama sivyo mwelekezaji atadhani ni kazi mbili, na kila moja itajaribu kila kitu. Tulifanya kosa hilo siku nzima, tukashangaa kwa nini mashine mbili hazina haraka kuliko moja.

Asubuhi ya kwanza Mkuu wa Shule alipokiona kioo chake kina kijani kitupu, aliruhusu ukurasa ufunguliwe. Kwa miezi miwili kila kitu kilikwenda salama. Majaribio yalianza yenyewe saa kumi na moja alfajiri, na saa moja na nusu yeye alikuwa amekwisha tazama.

Siku moja akaniita. Hakuwa na hasira. Akanionyesha kioo na kuniuliza: "Mwalimu, hii kijani ni ya leo, au ni ya juzi?"

Nikaitazama tarehe iliyoandikwa kwa herufi ndogo pembeni. Ilikuwa ya siku tisa nyuma.

Tukaenda mbio chumba cha kompyuta. Kumbe kijana mmoja wa chama, kwa nia njema kabisa, alikuwa amepata bando la usiku, akaona Cypress yetu ni ya toleo la zamani, akaiweka mpya. Toleo jipya likakataa kufanya kazi pamoja na kifurushi chetu cha kuunganishia. Kila alfajiri mashine ilianza, ikakataa, ikaandika maneno ya kukataa kwenye kioo cheusi, ikanyamaza. Ubao nao, kwa kuwa haukuletewa kitu kipya, uliendelea kuonyesha kijani cha mwisho ulichokuwa nacho. Siku tisa tulitawaliwa na matokeo yaliyokufa. Tulipojaribu upya tulikuta alama moja ya Jiografia imekosekana katika masahihisho yaliyoingizwa wiki ile. Alama moja tu. Lakini hiyo ilikuwa bahati yetu, si maarifa yetu.

Kijana hakupewa adhabu, na naomba wenzake waache kumtania. Kosa hilo lina historia kubwa kuliko yeye. Mwaka 2023 wenye Cypress waliamua kuzuia bao za watu wengine zisiunganishwe na chombo chao. Matoleo ya 13 yakaanza kuvikataa vifurushi vya Sorry Cypress na vya Currents, kampuni ya ubao wa kulipia iliyoanzishwa na watu wa Sorry Cypress. Wenye Cypress walisema kwamba walinda haki ya mali yao ya ubunifu. Watumiaji wengi walikasirika, wakasema kwamba chombo kilichotolewa wazi kimewekewa mlinzi mlangoni.

Katika chama tulijadili jambo hili kwa alasiri nzima, na maoni yaligawanyika. Wako waliosema: mtu akikupa jembe bure, hana haki ya kukuchagulia ghala la kuwekea mahindi yako. Wengine wakajibu: jembe hilo limetengenezwa kwa fedha za ghala, ghala likikosa wateja, nani atalinoa? Mimi nawaelewa wote wawili. Kampuni ina watu wa kulipwa mishahara. Lakini sikuweza kukubali kwamba utulivu wa wazazi wa Nambis utegemee kama kampuni fulani ng'ambo imeamka ikiwa radhi au la. Maandishi ya Cypress yako wazi chini ya leseni ya MIT, na mwenye ujuzi aweza kuyabadili na kujitengenezea lake. Sisi hatuna ujuzi huo.

Njia moja ilikuwa kurudi kwenye toleo la 12 na kukaa hapo daima. Tulirudi kwa muda, ili majaribio yaendelee. Lakini vivinjari hubadilika kila baada ya majuma machache, na mtahini aliyezeeka siku moja atashindwa kuvifungua.

Njia tuliyoichagua mwisho ni ya unyenyekevu zaidi. Cypress ndani yake hutumia chombo kiitwacho Mocha, nacho chaweza kuandika matokeo katika faili la kawaida la umbo liitwalo JUnit. Umbo hilo lilipata jina kutoka chombo cha kujaribia programu za Java, ambacho Kent Beck na Erich Gamma walianza kukiandika mwaka 1997 wakiwa ndani ya ndege kutoka Zürich kwenda Marekani. Leo karibu kila mtahini ajua kuliandika na karibu kila ubao wajua kulisoma, na hakuna hodi ya kupiga kwa mtu yeyote. Mashine huandika faili, hulifunga, na kazi yake imekwisha. Atakaye kulisoma na asome. Zipo bao kubwa za bure zilisomazo, kama ReportPortal. Lakini kwa namba 60 ubao kama huo ni gari la tani saba kubebea debe moja. Wanafunzi wawili waliandika programu ndogo isomayo mafaili hayo na kuchora visanduku 60 katika ukurasa mmoja.

Atakayetufuata katika njia hii na ajihadhari na jambo moja. Cypress huandika faili la JUnit upya kwa kila faili la majaribio, na kama jina ni lile lile, la pili humfuta wa kwanza, sawasawa kama 0022 alivyomfuta 0018. Sisi tuna mafaili sita, ya namba kumi kumi, nasi kwa siku mbili tulikuwa twaona namba kumi za mwisho tu. Dawa yake ni kuweka neno [hash] ndani ya jina la faili katika mipangilio, ili kila moja lipate jina lake. Na mafaili ya jana yaondolewe kabla ya kuanza ya leo, yawekwe katika jalada lenye tarehe.

Tumepoteza vitu, lazima niseme. Mwelekezaji wa kugawa kazi hatunaye tena, na picha za kioo sasa twazifungua sisi wenyewe katika folda. Lakini tumepata kitu ambacho ubao wa kwanza haukuwa nacho. Juu kabisa, kwa herufi kubwa kuliko zote, imeandikwa siku na saa ya jaribio la mwisho. Ikipita saa 26 bila matokeo mapya, visanduku vyote hugeuka rangi ya manjano, na maneno "HAIJAJARIBIWA LEO" hutokea. Mkuu wa Shule ndiye aliyeamuru rangi hiyo. Vivyo hivyo, idadi ya matokeo isipofika 60, hata kama yote ni ya kijani, ubao huwa wa manjano. Hilo alilitaka binti mwenye namba 0041, ambaye sasa ni mwanachama.

Mzazi asidhani kwamba haya ni michezo ya shule tu. DHIS2, programu ya takwimu za afya isimamiwayo na Chuo Kikuu cha Oslo na kutumiwa na Wizara yetu ya Afya, ina majaribio yaliyoandikwa kwa Cypress. OpenMRS, itunzayo kumbukumbu za wagonjwa na iliyoanza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006, hujaribu kurasa zake mpya kwa Playwright. Mgonjwa akionyeshwa dawa za mwenzake kama namba 0041 alivyoonyeshwa alama za 0051, hatapata nafasi ya kurudi na daftari. Playwright, nimtajie mwanafunzi atakaye kuanza upya leo, huja na ripoti yake isomwayo kwenye mashine yako mwenyewe, bila anwani ya mtu wa mbali. Kama tungeanza leo, labda tungeanza nayo. Lakini tuna majaribio yaliyokwisha andikwa, na muhula ni mfupi.

Ubao uko kwenye kompyuta ya ofisi ya Mkuu wa Shule, na nakala yake katika chumba cha kompyuta. Mzazi apendaye kuuona ana ruhusa kuja siku yoyote ya Jumatano baada ya saa tisa alasiri. Aje na namba ya mtoto wake, nasi tutalifungua daftari la karatasi kando ya kioo, alinganishe mwenyewe. Umeme ukikatika siku hiyo, daftari litakuwapo.